Kopo Namba Kumi na Saba

Wiki ya sita ilikuwa imeingia bila mchekeshaji Mbavu kuonekana kwenye kipindi chake, na mafundi waliokaa kwenye benchi la duka la rangi walikuwa wameshamuua mara mbili, wamemfunga jela mara moja, na kumwozesha kwa siri ng'ambo. Kila Alhamisi saa kumi Mbavu alikuwa na robo saa yake, na kila Ijumaa asubuhi, wakisubiri rangi zao zichanganywe, mafundi walimrudia neno kwa neno mpaka makopo yakatikisika kwenye rafu. Siku hizi walirushiwa michezo ya zamani tu. Mtu mwenye njaa ya chakula utampa mkate akanyamaza; mwenye njaa ya kucheka humtulizi kwa lolote.

"Wamemziba mdomo," alisema Ngazi, fundi rangi mrefu ambaye jina hilo lilimpata kwa sababu dari nyingi alizifikia akiwa amesimama chini. "Wahindi wenye pesa zao wamekwenda huko juu wakasema huyu akome kumcheza Babu Bei, yule Mhindi wake wa dukani. Lisemwalo lipo."

"Na kama halipo?" alidakia Mama Lipu, mwanamke mnene aliyekuwa amepiga lipu nusu ya nyumba za mji na kugombana na wenye nusu iliyobaki. "Labda ameona haya mwenyewe. Mtu mzima, kila wiki kujipaka rangi ya mwenzio usoni na kupinda ulimi! Hata mlevi kuna siku pombe humtoka."

"Utani ni utani, mama."

"Utani una watu wawili. Wa pili umemuuliza?"

Nyuma ya meza ya kuchanganyia, mwanamke waliyemwita Dada Rangi alichomoa kijiti kwenye ndoo ya Ngazi, akakitazama, akasonya. Ameharibu tena. Hiyo ilikuwa ndoo ya pili wiki hiyo, yeye ambaye kwa miaka kumi na minane hakuwahi kurudishiwa hata kopo. Alifuta meza iliyokuwa safi. Alikaza vifuniko vilivyokuwa vimekazwa. Alikwenda mlangoni, akarudi, akasahau alichokifuata. Kisha simu ikatetemeka kwenye mfuko wa aproni, na hakuhitaji kuitazama ili kujua imeandika nini. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Dada, kopo. Leo mwisho. Nakuja mwenyewe saa nane."

Mbavu alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Humo dukani hakuna aliyejua. Mwanzoni walificha kwa sababu kijana aliogopa kuwaaibisha watu wa kwao kama angeshindwa. Baadaye, alipofanikiwa, Dada Rangi aliendelea kuficha kwa sababu yake mwenyewe, na sababu hiyo ilikuwa imekaa kwenye kaunta, imevaa miwani mizito na shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni.

Mwenye duka waliyemwita Mzee alizaliwa mitaa miwili kutoka hapo, na baba yake vilevile, lakini kwa watu wa benchi alikuwa Mhindi tu, kama duka lenyewe lilivyokuwa kwa Mhindi. Ndiye aliyemchukua Dada Rangi alipokuwa msichana wa kufagia, akamfundisha kuona. Si kutazama, kuona. Alimsimamisha mlangoni penye mwanga wa mchana, akamwonyesha kwamba nyeupe zipo kumi, na kwamba kila kopo, kabla ya kumkabidhi mteja, lazima lipakwe tone moja juu ya kifuniko na kuachwa. Mteja akianza kulalamika kwamba rangi siyo, Mzee alikuwa akiinua kidole na kusema kwa lafudhi yake, "Rangi bichi iko mwongo, mama. Ngoja kauke." Na kweli, ikikauka ilikuwa ndiyo.

Miaka minne nyuma, mdogo wake alipokuwa akizunguka bila kazi, alimwomba dada yake kitu kimoja. Alitaka kucheza mwenye duka wa Kihindi, na poda za kununua zilimfanya aonekane mgonjwa wa ini. Dada Rangi alichukua mafuta ya mgando na unga wa rangi za vipodozi, akachanganya usiku mmoja tu akapatia. Hakuhitaji kumtazama mtu. Mkono wa Mzee alikuwa ameuona kila siku ukimwelekeza. Kisha wakacheka, wakanywa chai, na katika kucheka huko akamwambia mdogo wake ule msemo wa rangi mbichi, na jinsi Mzee anavyoinua kidole. Alimpa kama mtu anavyompa mgeni kiti. Hakufikiri lolote. Baada ya mwaka mmoja watoto wa shule walikuwa wakiupiga kelele barabarani, na yeye kila baada ya miezi kadhaa akawa anachanganya kopo jingine, lililoandikwa nyuma ya daftari la michanganyiko ya duka kwa namba tu, kumi na saba, bila jina.

Kwa hiyo ukweli ambao nchi nzima ilikuwa ikiutafuta ulikuwa huu: Mbavu hakuzibwa mdomo, hakufungwa, hakuoa. Kopo lilikuwa limeisha. Aliwaambia wakubwa wake kwamba ana mafua, akamwambia dada yake afanye haraka, na dada yake akawa anasema kesho, kesho, kwa wiki sita.

"Mimi nitakwambia kwa nini namtaka arudi," Ngazi alikuwa akisema, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Nimefanya kazi miaka tisa kwa tajiri mmoja wa hao. Mvi zinaota kichwani naitwa boi. Wajukuu zake wananiita boi. Siku moja nikamwambia jina langu, akacheka. Sasa robo saa kwa wiki nami nikiwacheka, dhambi iko wapi?"

Mama Lipu alikuna shingo kabla ya kujibu.

"Hilo ni kweli na linauma," alisema. "Lakini tajiri wako huyo anasema rangi bichi?"

"Hapana."

"Nani husema hivyo?"

Ngazi aligeuka kumtazama Mzee, akatabasamu. "Aa, Mzee ni mwenzetu. Mzee mwenyewe alicheka! Mchezo wa mwisho alitazama kwenye simu yangu hii hii, machozi yakamtoka. Si ndiyo, Mzee? Hebu tuambie ile yako kidogo, tumeikosa."

Mzee alitabasamu. Akavuta bunda la karatasi, akaandika bei ya brashi za Ngazi, akaisukuma mbele kwa ncha ya kidole. Watu wa benchi waliusema msemo wenyewe, kwa pamoja, vidole juu, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mwenye duka anaandika bei ambazo kwa miaka yote alizitaja kwa mdomo. Kutwa walimlilia aliyepotea kwenye simu, na aliyepotea mbele ya macho yao hawakumwona.

Dada Rangi alimwona. Karatasi zilianza siku iliyofuata mchezo ule. Kwanza alidhani ni koo, akamletea tangawizi. Kisha adhuhuri moja alikwenda stoo kuchukua tapentaini, akasikia mtu anaongea peke yake nyuma ya ndoo. Alikuwa Mzee. Alikuwa akirudia, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Mbichi. Mbichi. Subiri. Ikauke." Mzee wa miaka sabini na moja, akijifunza kusema kama wengine ndani ya duka lake. Dada Rangi alirudi kinyumenyume mpaka nje. Tangu siku hiyo usingizi wake ukawa wa vipande, na kila alipoinua unga wa rangi kwa ajili ya lile kopo, mkono ulikataa.

Lakini leo ulikuwa mwisho. Leo asipolitoa kopo, nafasi ya mdogo wake anapewa mwingine. Mtoto aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliyekuwa akilala na kiatu kimoja mkononi ili mwizi asitamani cha pili. Damu nzito kuliko maji. Nani wa kumlaumu? Saa saba, benchi lilipopungua wakabaki Ngazi na Mama Lipu, alitoa mafuta na unga chini ya meza, akachanganya kwa haraka, kichwa chini kama mwizi. Alifunga. Akaandika namba. Ngazi akapiga kelele kwamba ndoo yake sasa, jamani, nyumba ya watu inamsubiri, anakwenda kula na Mama Lipu na akirudi aikute tayari, naye Dada Rangi akakimbilia stoo kumchukulia ndoo mpya.

Aliporudi, benchi lilikuwa tupu, na meza pia.

Mkono una akili zake. Miaka kumi na minane ulikuwa umepaka tone juu ya kila kifuniko na kuweka kila kopo mlangoni likauke, na leo, wakati kichwa kikiwaza mengine, ulifanya vilevile. Kopo dogo lilikuwa limekaa kizingitini kwenye mwanga wa mchana, na kando yake Mzee amechuchumaa.

Alikuwa amefungua kifungo cha mkono wa shati. Alikuwa amekunja mpaka karibu na kiwiko, na mkono wake ameulaza kando ya tone. Alitazama tone, akatazama mkono. Hakuwa na haraka. Alisubiri kama alivyowafundisha watu wote kusubiri. Dada Rangi alisimama na ndoo ya lita ishirini mkononi, asihisi uzito wake.

Baada ya muda Mzee alisema, na ilikuwa sauti yake ileile, kavu kwa kukaa bure wiki sita:

"Hapa nyekundu iko zaidi kidogo."

Ndoo ilimponyoka ikatua sakafuni kwa kishindo. "Mzee..."

"Zamani ilikuwa sawa. Sasa mimi nimepauka. Punguza nyekundu, ongeza manjano kidogo." Alishusha mkono wa shati, akaufunga kifungo. "Kazi nzuri, binti yangu. Hakuna mtu mwingine anaweza."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Dada Rangi alipiga magoti palepale kwenye vumbi la mlangoni. "Ni mdogo wangu, Mzee. Mbavu ni mdogo wangu. Rangi nilimpa mimi. Na ule msemo nilimpa mimi. Nisamehe."

"Wewe ulicheka?"

"Nilicheka, Mzee."

"Mimi pia. Kweli nilicheka. Kijana iko hodari." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. "Halafu nikaenda nyumbani. Mke wangu anauliza chai au maji. Nafungua mdomo kujibu, namsikia yule. Si mimi. Babu Bei. Mpaka leo. Nikisema, anasema yeye."

Alishika fremu ya mlango, akajiinua, akarudi kwenye kaunta yake.

Saa nane mdogo wake alisimama upande wa pili wa barabara, kofia imeshushwa mpaka nyusi, asije akatambuliwa. Dada Rangi alivuka akamwendea mikono mitupu.

"Liko wapi?"

"Hakuna kopo. Wala halitakuwepo jingine."

"Dada, unajua unachosema? Watampa mwingine! Watu wananisubiri, wanapigana mitandaoni kwa ajili yangu, na mimi nikafanye nini?"

"Wachekeshe kwa uso wako mwenyewe. Kama hauchekeshi, rudi nyumbani, chakula kipo."

Mdogo wake alimtazama kana kwamba amepigwa kofi. "Umeniua," alisema taratibu, na uso ule uliochekesha nchi nzima ukakunjamana kama wa mtoto. Dada Rangi alitaka kumshika, akanyoosha mkono. Yeye akageuka akaondoka kwa hatua ndefu, bila kutazama nyuma. Dada yake alimwangalia mpaka akapotea. Hakumwita.

Alirudi ndani, akawakuta Ngazi na Mama Lipu wamesharudi benchini, akachanganya ndoo ya Ngazi, safari hii bila kukosea. Alipaka tone juu ya kifuniko, akaiweka ndoo kizingitini. Ngazi aliinama kulitazama, akakunja pua.

"Dada Rangi, siyo hii. Mimi nilitaka ya maziwa, hii ni ya ukungu."

Kila mtu humo alijua kinachofuata. Mama Lipu aliinua kichwa. Ngazi mwenyewe alianza kutabasamu, akimwelekea mwenye duka. Dada Rangi alishikilia ukingo wa meza yake kwa mikono miwili, akaomba kimoyomoyo, sema, Mzee, sema, leo hakuna wa kukuiga, nimemfukuza mimi mwenyewe.

Mzee aliinua kidole. Akafungua mdomo. Alikaa hivyo kwa muda, kama mtu aliyesikia anaitwa na hajui ni wapi. Kisha akaufunga, akavuta bunda la karatasi, akaandika, akasukuma karatasi mbele kwa ncha ya kidole.

Ngazi aliichukua, akaisoma kwa sauti. "Subiri ikauke." Aligeuza upande wa pili kuona kama pana kingine. "Ndiyo hiyo tu?"

Akarudi kwenye benchi, akaketi kando ya Mama Lipu, na wote wakaelekeza macho mlangoni kwenye lile tone, wakisubiri.