Mkwe Wangu Alitaka Paka Mmoja Tu

Mkwe wangu ni fundi cherehani, na kama mafundi wengi anajua kila kitu. Alipokuja kwangu kuchukua paka wa kumfukuzia panya dukani, nilimwekea wawili kwenye kikapu, kaka na dada wa wiki tisa, wamelaliana kama kandambili mlangoni.

"Mama, niliomba mmoja."

"Wachukue wote, baba. Akiwa peke yake atacheza na nani?"

"Na mimi."

Nikafungua kikapu. Mtu mzima akishasema hivyo, utamwongezea nini? Akaondoka na dume. Jike nikamwahidi mama wa duka la dawa, aje Alhamisi saa kumi.

Na kweli walicheza. Cherehani ya mkwe wangu ni ya miguu, na kwa paka asiye na mwenzake hakuna panya mtamu kuliko kidole gumba kinachopanda na kushuka kwenye kanyagio. Fundi akikanyaga, anang'atwa. Aking'atwa, anaruka, na mshono wa gauni la bibi harusi unakwenda kuwasalimia majirani. Gauni lilitakiwa Jumamosi. Kufikia Jumatano alikuwa amefumua ubavu wa kushoto mara tatu, na mama wa bibi harusi amehamia dukani na kiti chake mwenyewe.

Alhamisi saa tisa na nusu akanijia, plasta kwenye vidole viwili vya mguu.

"Mama, huyu paka ana kichaa."

"Hana. Angemng'ata dada yake, angerudishiwa, ajue meno yanauma. Wewe unamfundisha kuruka tu."

Akakuna kichwa. "Dada yake bado yupo?"

"Kwa nusu saa hivi."

"Mama wa duka la dawa si atapata mwingine?"

"Mwambie mwenyewe. Huyo kawahi, anafungua geti."

Alimbembeleza mpaka akamwahidi koti jipya la kazini, jeupe, mifuko minne.

Jumamosi nikapita dukani. Paka wanabingirishana kwenye kapu la vipande vya vitambaa, wanatafunana masikio, na mguu wa fundi unakanyaga kwa amani. Saa sita gauni likatoka, ubavu umenyooka.

"Mbona paka wawili, fundi?" mama wa bibi harusi akauliza.

Akaweka mkasi chini. "Wasiojua huchukua mmoja. Mimi tangu mwanzo nilitaka wawili. Si ndiyo, mama?"

"Ndiyo, baba," nikasema. Binti yangu, mkewe, alikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo, amejiziba mdomo kwa kitambaa.