Nguo za Ghorofa ya Pili

Mvua ilipoanza kudondoka matone manene manene, mzee Spoki alikuwa juu ya paa la jengo, ameegemea ukuta mfupi, anatafuta pumzi. Paa hilo ndilo lililokuwa uwanja wa kuanikia nguo za wapangaji wote. Siku hiyo kamba zilikuwa tupu isipokuwa moja. Hapo palining'inia shuka, taulo, blauzi mbili, sare ya kazi ya kijivu, na nguo nyingine ndogo ndogo za kike ambazo mzee aliziona mara moja tu na kugeuza macho.

Alisubiri asikie miguu ya mtu akipanda mbio. Hakuja mtu. Mvua ikashika kasi. Basi akafanya kile ambacho angekifanya hata akiwa usingizini: akaanua. Zile ndogo alizizungushia taulo bila kuziangalia, kama alivyokuwa akifanya za marehemu mkewe miezi ile ya mwisho, mkono wa mama wa watu ulipokuwa hauinuki tena. Akalikumbatia furushi kifuani, akashuka nalo.

Alikotoka ni mji mdogo, ule ambao ukipiga chafya sokoni unapewa pole stendi. Alikuwa fundi baiskeli penye njia panda, na jina la Spoki walimpachika wateja, kwa ile kazi yake na kwa wembamba wake. Huko mvua ikija, aliyeko nyumbani huanua za uwanja mzima. Mwenye nguo akirudi na kukuta kamba tupu, hupita mlango kwa mlango akicheka: "Jamani, nani kanibebea mizigo yangu?" Hakuna aliyewahi kushtuka.

Kwa hiyo alibisha hodi. Mlango wa kwanza ulifunguka kadiri ya upana wa jicho.

"Hatununui," sauti ikasema, na mlango ukafungwa.

Wa pili alitoka mwanamume mwenye simu sikioni. "Nguo za nani? Mzee wangu, mimi hata anayekaa mkabala na mimi simjui. Rudisha ulikozitoa."

"Mvua inanyesha, mwanangu."

"Ee, nimeona." Akaingia ndani.

Mlango wa tatu haukujibu, na kifua kilikuwa kimeanza kumbana. Mzee akajiambia kwamba mwenyewe atakuja tu kuulizia. Akaingia kwa binti yake, ghorofa ya nne, akazikunja nguo moja moja, akaziweka ndani ya beseni kando ya kitanda chake. Akameza dawa yake ya mchana. Dawa hiyo ilikuwa na tabia ya kumlaza.

Alilala akiwa na neno moja moyoni. Jioni hiyo alikusudia kumwambia binti yake ndiyo. Kwa miezi mitatu binti alikuwa akimsihi abaki kwake moja kwa moja. Kule nyumbani alikuwapo mtu aliyetaka kupanga nyumba ya mzee, na alihitaji jibu wiki hiyo. Sababu ya binti ilikuwa moja na hakuhitaji kuirudia: hapa hospitali yenye mashine za moyo iko mtaa wa pili. Kule mama yake aliposhikwa na moyo, uwanja ulijaa majirani, wengine wakisukuma gari lisilowaka, wengine wakishika taa, wengine wakilia tayari. Watu walikuwepo hata wa kuzidi. Daktari ndiye hakuwepo. Mama alikata roho njiani, kichwa kimelala mapajani mwa bintiye, hata taa za mji mkubwa hazijaonekana.

"Baba! Baba, amka. Mlango umeufunga?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, bado amevaa aproni ya dukani anakofanya kazi ya keshia, simu mkononi inalia mfululizo.

"Kuna nini?"

"Kuna mtu kaingia jengoni. Kachukua nguo za dada mmoja wa ghorofa ya pili. Hadi za ndani, Baba! Mtu gani anaiba vitu hivyo? Kundi la wapangaji humu kwenye simu linawaka moto. Wanasema akipatikana apigwe kwanza, polisi baadaye."

Mzee aliketi. "Kuna sare ya kijivu?"

"Ee, sare ya..." Binti akamwangalia baba yake, kisha akafuata macho yake hadi kwenye beseni. Nguo zilikuwa zimekunjwa vizuri kama za dukani.

"Baba."

"Mvua ilinyesha."

"Baba!"

"Zingelowa, mwanangu."

"Acha zilowe! Hapa nguo ya mtu ikilowa, imelowa! Haikuhusu!" Akajiziba mdomo, akatazama ukutani kana kwamba ukuta nao ulikuwa na simu. Alipozungumza tena, alinong'ona. "Hujui ulichokifanya. Yule dada anafungasha. Mlinzi kaniambia sasa hivi pale chini. Anahama leo leo, na hajui hata anakwenda wapi."

"Kwa ajili ya nguo?"

Binti akaketi kitandani, akamweleza yale ambayo dada mwenyewe alimwambia mlinzi. Yule dada alikuwa ameachana na mwanamume ambaye hakukubali kuachwa. Walikaa mji mdogo kama wa kwao tu. Kila alipohama nyumba, yule mwanamume alimpata siku ileile, wala hakuhitaji ujanja. Aliuliza tu njiani, na watu wema walimwonyesha: ah, unamtafuta yule? Pita hapo, kata kushoto, geti la bluu. Mara ya mwisho alimvunja taya. Ndipo akaja hapa, ambako hakuna anayejua jina lake. Leo karudi kutoka kazini, kakuta kamba tupu. Kwake huo si wizi. Kwake ni salamu, maana yake: nimeshafika.

Mzee alitazama mikono yake. Pale njia panda, miaka yote ile, watu walisimamisha baiskeli na kumuuliza nyumba ya fulani, naye akawaelekeza kwa spana bila hata kuinua kichwa. Alijaribu kukumbuka kama aliwahi kumuuliza mmoja wao anamtakia nini. Hakukumbuka.

"Lete beseni," akasema.

"Nitapeleka mimi. Wewe kaa."

"Nilizianua mimi."

Mlangoni kwa dada wa ghorofa ya pili walimkuta mlinzi amejisimika, rungu kwapani. Wapangaji walimwita Kamanda, na jina lilikuwa limemwingia kichwani. Aliona beseni, akainua rungu.

"Mwizi ndiye huyu?"

"Huyu ni baba yangu, Kamanda."

"Wezi nao wana watoto, dada."

"Hebu nitolee upuuzi wako hapa! Jengo zima linaibiwa gesi hujawahi kumkamata mtu, leo unamshika mzee na blauzi?"

Kamanda akashusha rungu nusu. Mzee alikwishaufikia mlango. Aligonga kwa kidole kimoja, na ndani kitu kilianguka.

"Nani?" Sauti ilikuwa nyembamba, kavu.

"Ni mimi, binti yangu. Nguo zako ninazo. Niliziona zinanyeshewa nikasema..."

"Mimi si binti yako."

"Kweli. Nisamehe."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nakaa hapo juu kwa mwanangu."

"Ndivyo alivyosema hata baba wa yule mwanamume. Alishamtuma baba yake mzazi kwangu, mtu mzima na mvi zake, anakuja na maneno laini: mwanangu, mwanangu. Nikafungua. Yeye alikuwa nyuma ya ukuta. Kwenye tundu la mlango nakuona nusu tu, na baba yake naye mwembamba."

Binti alitaka kusema neno, mzee akamzuia kwa mkono. Kama huyu wa ndani alikuwa amelia, alikuwa amekwisha kulia zamani. Sasa alikuwa anapiga hesabu tu ya namna ya kutoka humo akiwa mzima.

"Nifanye nini ili usiogope?" mzee akauliza.

Sauti ikajibu: "Shuka uani. Usimame katikati, peke yako, nikuone dirishani. Wengine wote waondoke mlangoni."

"Baba, bado inanyesha," binti akasema. "Na hujala. Daktari alisema..."

"Weka beseni hapo. Twende."

Uani palikuwa na saruji tupu na mtaro unaobubujika. Mzee alitembea hadi katikati akasimama. Alivua kofia ili uso uonekane, na mvua ikampiga utosini. Madirisha yalianza kufunguka, kwanza mawili, kisha ukuta mzima. Simu zilinyooshwa nje. Kule kwao asingeweza kusimama hivi dakika mbili asiulizwe, Spoki, umepatwa na nini? Hapa macho yote yale yalimwangalia na hakuna jicho lililomjua. Hakujua hata dirisha la yule dada ni lipi. Akawaza: akikosea je? Mtu mwenye hofu huona anachokiogopa. Akisema ni yeye, Kamanda na wenzake hawatauliza la pili, na mwanangu ataishi vipi humu?

Moyo ulikuwa unaruka kama mnyororo uliotoka kwenye meno. Hakuthubutu kuweka mkono kifuani, asije akaonekana anatoa kitu.

"Geuka," sauti ikasema kutoka juu.

Akageuka ubavu. Akageuka mgongo. Akarudi.

Pazia moja la ghorofa ya pili lilisogea, na kwa mara ya kwanza alimwona: uso mdogo, kitambaa kichwani, taya moja imeingia ndani kidogo. Alimwangalia mzee kwa muda mrefu sana.

"Si yeye," akasema. Hakusema na mzee. Alisema na nafsi yake, au na jengo. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo: "Mzee, unalowa. Panda."

Dirisha likafungwa. Na yale mengine yakafungwa, moja moja, wengine wakiguna kwamba filamu imeisha vibaya.

Binti alimpokea chini ya ngazi na khanga, akamfunika mabega. Walipofika ghorofa ya pili beseni halikuwepo tena. Kamanda alikuwa amevuta kiti chake cha plastiki.

"Keti hapa mzee wangu upumzike. Yaishe. Unahema kama bomba."

"Hapa hapana," mzee akanong'ona. "Atasikia mtu amekaa mlangoni."

Akapanda. Binti alimfuata nyuma akiwa ametanguliza mikono, kana kwamba angeweza kumdaka. Pale ngazi zinapokata kona mzee akakaa.

"Anahama?" akauliza alipopata sauti.

"Kasema atalala leo. Kesho ataona."

Mzee alikamua kofia yake.

"Mimi nitarudi, mwanangu. Yule mtu wa nyumba mwambie hapana."

"Kwa ajili ya hawa wa kwenye simu? Baba, kesho watakuwa wamesahau. Uzuri wa hapa ni huo."

"Sio wao. Yule anataka mahali ambapo hajulikani, na ana haki. Mimi nikikaa hapa mwezi mwingine nitamjua. Nitajua anatoka saa ngapi, anacheka na nani. Siku moja mtu ataniuliza pale nje, kwa heshima zote, na kabla sijafikiri mkono utakuwa umeshaelekeza."

"Utajifunza."

"Kwa umri huu?"

"Na moyo je? Kule watakuja watu mia, Baba. Watasukuma gari. Watakushikia taa. Mimi nitapigiwa simu na watu kumi, wote wananiambia nije haraka. Nitakuja na nini?"

Mzee alishika ukuta, akajaribu kuinuka.

Binti alikaa ngazi ya chini yake, akamshika mkono kama anayetaka kumsaidia kuinuka. Lakini hakumvuta. Vidole vyake vilitambaa hadi kwenye kifundo, vikatulia hapo, vikitafuta mapigo. Mzee aliuacha mkono palepale, akajikaza kuvuta pumzi taratibu, moja, halafu nyingine, ili atakachokikuta mwanawe kisimtishe.