Machozi ya Beya

Koti lilitangulia. Kabla mwigizaji hajafumbua kinywa, watu waliojaa katika ukumbi ule mdogo wa chini ya ardhi, nyuma ya Bab Suika mjini Tunis, waliona koti jeusi la ngozi, mabega yametunishwa kwa pamba, sigara mkononi, na miguu inayotembea kama inayodai njia. Wakaguna kwa raha. Si Mongi, yaani Bwana Mongi kwa lugha ya pale, mwongozaji wa mchezo, alimfinya Emna kiwiko.

"Umeona? Hatujasema neno, na wameshajua nani mume."

Emna, aliyeuandika mchezo, alitabasamu, lakini jicho lake lilikuwa safu ya tatu, alikoketi Beya. Koti lilikuwa la Beya. Nywele zile fupi alizokatwa mwigizaji zilikuwa mtindo wa Beya. Mengine yote, Mungu shahidi, hayakuwa ya mtu yeyote aliye hai.

Beya wa nyumbani alikuwa fundi wa kudarizi mavazi ya maharusi. Nywele alizikata kwa ajili ya joto la chumba cha cherehani, basi. Akiona mende, hupanda kitandani na kupiga mayowe, "Emna! Njoo umuue, nakufa mie!" Na Emna, mwenye nywele za kufika kiunoni na wanja wa kila siku, ndiye aliyekuja na kandambili. Emna ndiye aliyeendesha kigari chao kibovu na kugombana na mafundi bomba. Beya alililia harusi, alililia filamu, alimlilia hata paka wa jirani. Waliishi hivyo miaka na miaka, majirani wakiwaita mabinamu, wala swali la nani mume halikuwahi kupata pa kukaa katika nyumba ile.

Aliyelileta ni Si Mongi. "Binti yangu," alisema siku aliyousoma mchezo, "watu wakiona wanawake wawili hawajui wamtazame nani. Mmoja mpe suruali, mmoja mpe machozi. Ukiwachanganya, nao watachanganyikiwa." Emna alibisha, akanuna, akabisha tena. Lakini hapakuwa na ukumbi mwingine mji mzima uliothubutu kuupokea mchezo wenye wapenzi wa namna ile, na huu ulikuwa mchezo wake wa kwanza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Emna akainama.

Akainama mpaka akafika kwenye treni.

Treni ile ilikuwa kweli. Baba yake Beya alipofariki mjini Sfax, wanaume waliubeba mwili kwenda makaburini, na Beya akabaki uani na wanawake, macho makavu, akigawa vikombe vya maji. Shangazi zake wakanong'onezana: moyo wa jiwe huyu, si unaona hata nywele zake. Ni ndani ya treni ya kurudi ndipo alipovunjika. Alilaza kichwa mapajani mwa Emna akalia kwa kwikwi, akimwita baba yake kwa jina la utotoni, na mkagua tiketi akapita bila kuwauliza kitu. Emna alipoanza kuandika, Beya alimwambia jambo moja tu: "Hayo ya treni yaandike. Angalau mahali pamoja watu wajue nililia."

Sasa treni ilikuwa jukwaani. Aliyekuwa akilia ni mwenye nywele ndefu. Mwenye koti alikaa wima, akampigapiga mgongo, akawasha sigara akatazama dirishani. Ukumbi ukazizima. Wanawake wakatoa leso.

Walipofika nyumbani Beya hakuvua viatu.

"Emna. Yule aliyekufa Sfax, alikuwa baba wa nani?"

"Beya, roho yangu, umechoka..."

"Nakuuliza. Baba wa nani?"

"Wako."

"Basi mbona nimeona unamlilia wewe?"

"Ni mchezo tu. Si Mongi alisema..."

"Achana na Si Mongi! Si Mongi ndiye aliyenilaza mapajani?" Sauti ilimtetemeka. "Koti uliniomba, nikakupa. Machozi hukuniomba."

Emna aliona aibu. Alitaka kusema kwamba alifanya vile ili watu wawapende. Lakini waliopendwa pale ukumbini walikuwa wengine, na hilo alilijua tangu koti lilipotokea.

Asubuhi alimwendea Si Mongi kwenye mkahawa wake, akamwambia ama treni inarudi kama ilivyokuwa, ama anauondoa mchezo. Si Mongi alikoroga kahawa yake.

"Irudi. Onyesho moja, tuone. Mimi niko kwenye kazi hii tangu wewe hujang'oa meno ya utoto."

Dorra, yule mwigizaji wa koti, alishika kichwa. "Lella Emna, bibi yangu, nitaliaje na mabega haya?"

"Lia tu."

Jumapili, onyesho la alasiri, Beya alikuja amejipamba kama mgeni wa harusi, kishada cha yasmini kifuani. Safari hii Emna aliketi kando yake. Koti likaingia, watu wakaguna. Koti likafoka, likaamrisha, likapiga meza ngumi, na watu wakalishangilia. Treni ikaanza. Dorra akatulia kidogo, kisha akateleza polepole mpaka kichwa kikafika mapajani mwa mwenzake. Akalia. Alilia vizuri yule msichana, kwa kwikwi za kweli, akimwita baba.

Mtu mmoja nyuma akacheka.

Akafuata mwingine. "Simama, we dume!" sauti ikaita, na ukumbi mzima ukapasuka. Si kwamba walikuwa wabaya. Saa nzima Emna alikuwa amewafundisha kwamba yule ni mume, nao walikuwa wanafunzi wasikivu. Sasa mume amejikunyata mapajani mwa mkewe analia kama mtoto, wafanye nini? Dorra alizidi kulia, nao wakazidi kushika mbavu. Emna aliutafuta mkono wa Beya gizani. Aliukuta umekunja leso, safi, haijatumika.

Beya naye alikuwa anacheka. Alicheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Walirudi nyumbani. Emna aliendesha gari, watu wakinunua mikate barabarani kwa ajili ya jioni. Jikoni, Beya alitoa kishada cha yasmini akakitia kwenye glasi ya maji, akasimama ameelekea dirisha.

"Umeirudisha treni kama ilivyokuwa," alisema. "Ahsante."

"Nisamehe, Beya. Ninauondoa mchezo. Kesho hiyo hiyo."

"Uondoe, usiuondoe, wameshaona." Aligeuka. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. "Niambie kitu kimoja, lakini usinifiche. Siku ile kwenye treni, nilipokulalia pale nikilia... wewe nawe ulitaka kucheka?"

"Mimi? Beya! Wallahi, hata kidogo!"

Beya alimtazama. Kisha akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia muuza samaki aliyeapa kwamba samaki ni wa leo, akaenda kuteleka chai.