Odile wa Nani?

Kiwanda cha kaa wa baharini kikifungwa kwa baridi, zamani nilikuwa nalala tu hadi theluji iyeyuke. Mwaka huu nikasema basi. Nina miaka hamsini na mbili, magoti yamechoka kusimama kwenye barafu, nikajiandikisha kozi ya jioni ya kuhudumia wazee. Wanangu walinicheka. Nikawaambia wacheke, ila wakizeeka watajiogesha wenyewe.

Masomo yote nilipita, likabaki moja: kumwogesha mkaazi wa nyumba ya wazee hapa kijijini kwetu Chéticamp, Kanada, mwalimu akitazama. Nikapangiwa Bibi Zélie, ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoroka lakini ulimi uko palepale. Nisipomwogesha, narudia kozi mwakani.

Kila asubuhi ya mazoezi nilijitambulisha kama tulivyofundishwa.

"Habari za asubuhi, Bibi. Naitwa Odile Aucoin, ni mwanafunzi. Nimekuja kukusaidia kuoga. Unaniruhusu?"

"Aucoin!" Bibi Zélie alibetua midomo. "Huku kila mtu Aucoin. Hata paka wa padri ni Aucoin. Sikujui mimi, nenda zako."

Na mkaazi akisema hapana, ni hapana, humgusi. Nikawa nashinda mlangoni na taulo mkononi, roho juu.

Siku ya mtihani ikaangukia Mi-Carême. Katikati ya Kwaresima sisi huvaa vinyago na makoti ya ajabu, tukaingia nyumba za watu bila kusema neno, wenyeji wabahatishe nani ni nani. Tangu asubuhi wenye vinyago walikuwa wanapita vyumbani, na Bibi Zélie alikwishawataja kadhaa bila kukosea, uso unamng'aa. Mwalimu Corinne, mtu wa mjini Halifax, alikuwa pembeni na kalamu yake, ananisubiri mimi.

Wazo likanijia. Nikakimbilia chumba cha wahudumu, nikavaa koti la mlinzi, nikajifunika foronya yenye matundu mawili, nikaingia kimya.

"Ehee! Hebu tembea," Bibi Zélie akaamuru. Nikatembea. "Geuka. Tena!"

Akanishika mikono, akaiminyaminya, akatikisa kichwa. Kisha akaitazama miguu yangu na kupiga ukelele.

"Huo mguu wa kushoto unaokwenda upande! Polite wa Charlot alitembea hivyo hivyo, kwenye dansi anakanyaga kila mtu. Wewe ni wa Polite!"

Polite ni baba yangu, Charlot babu; huku kwetu ndivyo watu wanavyotajana. Baba alikufa miaka mingi iliyopita. Sikujua kama natembea kama yeye, hakuna aliyewahi kuniambia. Nikavua foronya, nacheka na machozi yananitoka.

"Ndiyo, Bibi. Mimi ni Odile wa Polite wa Charlot."

"Sasa mbona husemi, mtoto wewe? Unakuja hapa na Aucoin, Aucoin, kama mkusanya kodi! Haya, hayo maji yako wapi? Nanuka kama chambo."

Nikamwogesha polepole, mgongo, mabega, hadi vidole vya miguu, huku akinisimulia jinsi baba yangu alivyomposa dada wa Bibi akakataliwa kwa sababu ya mguu huo huo. Mama hakuwahi kunigusia hayo. Nilifurahi mpaka nikasahau kama natahiniwa.

Mwalimu Corinne akakohoa.

"Odile, umefanya vizuri sana. Ila umeruka hatua ya kwanza. Hukujitambulisha ulipoingia."

Moyo ukanishuka. Bibi Zélie akageuka ndani ya bafu, povu limemfika kidevuni.

"Ajitambulishe ya nini? Nimemtambua mwenyewe! Na wewe uliyesimama na kalamu, ni wa nani?"

"Mimi? Corinne wa Gerald," mwalimu akasema. "Wa... ngoja, jina la babu limenitoka."

"Babu yako mwenyewe!" Bibi Zélie akanitazama kwa huruma. "Na huyu ndiye anayekutahini?"

Mwalimu Corinne alicheka mpaka akaketi ukingoni mwa bafu, sketi ikalowa, na hapo hapo akanipasisha.