Mikono Miwili ya Kushoto

Mama alifariki Jumanne asubuhi, akaacha gauni la jirani yetu mezani, halijakatwa mikono. Baada ya wiki tatu jirani akaja. "Nimalizie wewe, mwanangu. Si alikufundisha?"

Nilikata mkono mmoja, kisha wa pili, bila kukunja kitambaa ili itoke jozi, wa kulia na wa kushoto. Nilipoipachika kwa pini, yote miwili ilikuwa ya kushoto. Nililia, nikaona bora cherehani ya mama iuzwe kuliko niiaibishe.

Nilimpelekea jirani ile mikono nikamweleza. Akaigeuzageuza, akaanza kucheka.

"Mama yako naye alinifanyia hivi hivi, gauni langu la kwanza. Nikamwambia, shoga, basi nipe muda niote mkono mwingine wa kushoto."

"Mama? Hakuniambia hata siku moja."

"Angekwambia vipi, na wewe ulimwona malaika wa mkasi? Kitambaa kimebaki?"

"Cha mkono mmoja tu."

"Na mimi nadai mmoja tu. Nenda ukakate."

Jumamosi alilivaa. Cherehani bado ipo dirishani pale pale, na siku hizi, kabla sijashika mkasi, nakunja kitambaa.