Buluu Chini ya Hadubini

Odessa alidondosha rangi ya buluu kwenye tone la uboho, akalifunika kwa kioo, akainamia hadubini. Seli iliyo hai huikataa rangi hiyo, iliyokufa huinywa. Alianza kuhesabu, akaacha. Buluu ilikuwa imetapakaa kila mahali.

Akaandaa tone jingine. Buluu tena.

Uboho huo ulitoka kwenye kichupa cha majaribio, kilichogandishwa pamoja na mfuko wa uboho wa Wendell Tackett, dereva wa basi la shule hapo Toledo. Mfuko wenyewe ulikuwa bado tangini, kwenye baridi kali, na hakukuwa na mwingine. Leo Wendell angeanza dawa ya kuua uboho wote uliobaki mwilini mwake, kisha arudishiwe huu. Huu ukiwa umekufa, naye hana chake.

Daktari Halvorsen, mkuu wa maabara, aliingia na kikombe cha kahawa.

"Kichupa huumia kuliko mfuko, Odessa. Unalijua hilo."

"Najua, daktari, lakini si hivi. Siku ile nilikuwa nimeshautia dawa ya kugandishia, ukaniambia mashine ya kugandishia tumpishe mgonjwa wa ghorofa ya juu. Uboho wa Wendell ukabaki mezani. Ile dawa, isipopata baridi mapema, inazila seli."

"Yule ni mtu wa wafadhili. Ulitaka nimjibu nini mkurugenzi?"

"Basi tumchote uboho tena kabla hawajaanza kumpa dawa."

"Kibali cha bima yake kinakwisha wiki hii. Tukisimama, hapati kingine. Utamwambia wewe?" Akapuliza kahawa. "Kesho rudia kwa kichupa cha pili. Leo umechoka."

Alipotoka, Odessa alipanda ngazi mbiombio hadi wodini.

Wendell alikuwa ameketi kitandani, kofia ya besiboli kichwani.

"Haa, bibie wa friji! Uboho wangu unautunza? Usije ukaniletea wa kuku."

"Upo."

"Eti nikirudishiwa nitanuka mahindi ya kopo, kwa hiyo dawa yenu ya kugandishia. Mke wangu kashahamia kwenye kochi, na hata sijanuka bado!"

Odessa alijaribu kucheka. Macho yake yalikuwa yameshaufuata mpira mwembamba, kutoka kifuani mwa Wendell hadi kwenye ile dawa ya kuua uboho, iliyotundikwa juu. Matone yalishuka bila haraka. Zaidi ya nusu ilikuwa imeshaingia, na ikishaingia haitoki.

"Mbona umenikodolea macho hivyo, dada? Umeona jini?"

"Hapana. Nimechoka tu."

Akarudi maabara. Alikitoa kichupa cha pili, akasoma jina la Tackett, akakishika kwa koleo mpaka mvuke mweupe ukamfunika mkono. Kisha akakirudisha tangini. Akaosha vioo, akaviinamisha vikauke. Chupa ya rangi ya buluu aliiacha pale pale, kando ya hadubini, kwa kazi ya kesho.