Usingizi wa Mlinzi

Miaka kumi na tisa ni muuguzi, nasoma madaftari ya wagonjwa wa kisukari, na uongo naunusa. Mlinzi mmoja wa usiku wa ghala aliandika kwamba kila akitoka kazini analala saa saba mfululizo, na kweli sukari yake ilikuwa imeshuka. Mtu alale hivyo mchana kweupe, kwenye nyumba ya kupanga yenye familia sita? Nikafunga safari kwenda kumuumbua.

Uani nilikuta kimya. Mkewe alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Alivinyooshea kidole viatu vyangu, nikavivua.

"Amelala tangu saa mbili asubuhi," alininong'oneza. "Ataamka saa tisa, dada."

Redio za majirani zilikuwa zimezimwa. Watoto walikuwa wamepelekwa kuchezea mtaa wa pili. Hata fundi vyuma wa chumba cha pembeni alikuwa anapaka rangi tu, nyundo kaiweka chini.

"Nani kawaamuru?"

"Hakuna. Mwaka jana alianguka hapa uani, wakambeba wao."

Mimi nisiyesubirishwa na mtu, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, viatu mkononi.

Saa tisa kamili fundi aligonga chuma mara tatu. Mlango ukafunguka, mlinzi akatoka akipiga miayo. Aliponiona, akaninyooshea kidole nikitoboe, nimpime sukari.

Nikamwomba radhi, na bado nilikuwa nanong'ona.